Kanisa Lililovunjwa kwa Baruti: Funzo kwa Wajenzi wa Ngara na Biharamulo

Apitaye katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hakosi kuona mahali fulani kuta za matofali ya kuchoma zilizofika usawa wa madirisha, nazo zangoja. Zangoja mavuno ya kahawa, zangoja bei ya maharage, zangoja mwana aliye mjini akumbuke nyumbani. Ni kuta za kanisa. Mwaka mmoja waumini huchimba msingi na kubeba mawe. Mwaka wa pili hufyatua matofali, hupanga tanuru na kukesha wakichochea kuni. Mwaka wa tatu hupandisha kuta. Paa ndilo jambo gumu, kwani udongo ni wa bure bali bati huuzwa dukani. Mara nyingi masika huja kabla ya bati, mvua ikazipiga kuta zisizo na kofia, na sehemu ya kazi ikabidi ianze upya.

Wako wanaozitazama kuta hizo wakasema: umaskini. Sisi twasema watazame tena. Jambo la kuuliza si lini paa litapanda. La kuuliza ni hili: jengo lenyewe ni la nani, na likianguka, nani atalisimamisha? Swali hili lawahusu waumini wa madhehebu yote, na lawahusu hasa Wabaptisti, ambao imani yao imeuachia kila ushirika kujiamulia mambo yake. Na kwa kuwa historia ni mwalimu asiyechoka, leo tutawasimulia wasomaji habari za kanisa moja la Kibaptisti katika Afrika, lililojengwa kwa mikono ya Waafrika, likavunjwa kwa baruti na serikali ya kikoloni, kisha likasimama tena. Kanisa hilo haliko Ngara, liko kusini ya Ziwa Nyasa. Lakini kabla hatujafika huko, yafaa tuitazame kwanza nchi hii yenyewe na jinsi makanisa yalivyoingia.

NCHI YA NJIA PANDA

Ngara ni nchi ya mpakani. Burundi iko upande mmoja na Rwanda upande mwingine, ng'ambo ya mto Kagera. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara, ilikuwa nchi ya Burundi mpaka ilipowekwa upande wa Tanganyika, chini ya Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka uliwakuta watu pale, haukuwazaa. Kwa hiyo neno lolote lililohubiriwa upande mmoja wa mto halikuchelewa kusikika upande wa pili.

Wakatoliki walijikita Rulenge, ambako makao ya jimbo yaliwekwa mwaka 1960. Waanglikana walijikita Murgwanza, ambako wana hospitali na ambako makao ya Dayosisi ya Kagera yaliwekwa ilipoundwa mwaka 1985. Wabaptisti walifika Afrika ya Mashariki kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa Burundi, ambako Wabaptisti wa Denmark walianza kazi mwaka 1928. Walishika vituo, kama Musema, vilivyokuwa vimeachwa na wamisionari Wajerumani walioondoka kwa sababu ya vita. Mlango wa pili ulikuwa Dar es Salaam, ambako Wabaptisti wa kusini ya Marekani walifika mwaka 1956. Baadaye hao walijenga hospitali Mbeya kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na mwaka 1962 wakafungua Arusha chuo cha kufundisha wachungaji. Ngara na Biharamulo ziko baina ya milango hiyo miwili.

Tazama basi neno hilo la Musema. Wajerumani walijenga, vita vikaja, wenye mali wakaondoka, na kituo kikabaki kingoje wageni wengine. Si aibu ya wenyeji, kwani wakati ule hawakuulizwa. Lakini laonyesha kwamba nyumba ambayo funguo zake zi mfukoni mwa mgeni hufungwa siku mgeni anapofunga safari.

WALIANZA WAKIWA WAKIMBIZI

Wabaptisti wenyewe, tangu mwanzo wao, ni watu waliolijua jambo hili. Ushirika wao wa kwanza uliundwa mwaka 1609 katika mji wa Amsterdam, na waliouunda walikuwa Waingereza waliokimbia nchi yao kwa sababu ya dini. Kiongozi wao aliitwa John Smyth. Mwenzake, Thomas Helwys, alirejea Uingereza, na mwaka 1612 alitoa kitabu akimwambia mfalme kwamba yeye ni mwanadamu na hana mamlaka juu ya roho za watu. Kwa neno hilo alitiwa gerezani, na gerezani akafa.

Katika chimbuko hilo mna mambo mawili yanayowatambulisha Wabaptisti mpaka leo. Moja ni ubatizo: hawambatizi mtoto mchanga, bali humzamisha majini yule aliyeamini na kukiri kwa kinywa chake. La pili ni kujitawala: kila ushirika humchagua mchungaji wake, hushika hazina yake na hukata shauri lake katika mkutano wa waumini. Shirikisho lipo, lakini ni la kusaidiana, si la kuamrishana. Kwa hiyo Wabaptisti wa kijiji fulani wanapoamua kujenga, hawajengi kwa amri iliyotoka mbali. Wamekutana, wamesema, wamekubaliana. Mfanyakazi aliyewahi kukaa katika mkutano wa chama cha wafanyakazi au cha ushirika ataijua desturi hiyo mara moja.

Uhuru huo una gharama yake. Asiye na bwana hana pia wa kumlipia deni. Na hakuna mahali palipoonyesha utamu na uchungu wa uhuru huo kama Mbombwe.

MATOFALI YA MBOMBWE

Mbombwe ni mahali katika wilaya ya Chiradzulu, nchi ya Malawi, ambayo Waingereza waliiita Nyasaland. Huko alizaliwa John Chilembwe, karibu na mwaka 1871. Mwaka 1892 alikutana na mmisionari Joseph Booth, mtu aliyekuwa na kauli ya kushangaza kwa Mzungu wa zama zile, kwamba Afrika ni ya Waafrika. Mwaka 1897 Chilembwe alikwenda naye Marekani, akasoma katika chuo cha Wabaptisti weusi huko Lynchburg, Virginia, akawekewa mikono kuwa mchungaji. Mwaka 1900 akarudi kwao.

Hakurudi kuomba kazi kwa wamisionari. Alinunua ardhi, ekari zipatazo 90, akaanzisha misheni yake aliyoiita Providence Industrial Mission. Wabaptisti weusi wa Marekani walimsaidia kwa fedha, na kwa watu wawili: mchungaji Landon Cheek aliyefika mwaka 1901, na mwalimu Emma DeLany aliyefika mwaka 1902. Hao walifanya kazi njema, na baada ya miaka michache wakarejea kwao. Chilembwe na watu wake waliendelea. Walifungua shule, walifundisha kushona na kulima kahawa, na mwaka 1911 wakaanza kujenga kanisa kubwa la matofali. Lilikamilika mwaka 1913.

Msomaji wa leo atasema: matofali, kuna nini hapo? Aikumbuke zama ile. Nyumba ya matofali ilikuwa alama ya mtawala: boma, nyumba ya mwenye shamba, kanisa la Wazungu. Mwafrika alidhaniwa kuwa mtu wa nyasi na fito. Waafrika waliposimamisha nyumba ya matofali kwa fundi wao na timazi yao, walikuwa wamesema jambo ambalo hotuba haiwezi kulisema.

Ipo picha iliyopigwa mwaka 1914, wakati wa kufunguliwa kwa kanisa hilo. Chilembwe amesimama amevaa kofia, na kando yake yuko mmisionari Mzungu, rafiki yake, John Chorley. Kofia hiyo si jambo dogo, kwani Mwafrika alitakiwa avue kofia mbele ya Mzungu. Miaka 108 baadaye, mwezi Septemba 2022, sanamu iliyochongwa na Samson Kambalu wa Malawi kutokana na picha ile ilisimamishwa katika uwanja wa Trafalgar, jijini London. Chilembwe alifanywa mkubwa kuliko Mzungu, na kofia yake ikawa kichwani. Ilikaa pale miaka miwili.

SABABU ZA MOTO

Jirani na Mbombwe palikuwa na shamba la Magomero, lenye ekari zaidi ya 150,000, mali ya familia ya Bruce, wakwe wa mvumbuzi David Livingstone. Watu waliokaa katika ardhi hiyo hawakulipa kodi ya pango kwa fedha. Walilipa kwa jasho. Desturi hiyo iliitwa thangata, na msimu wa mvua, wakati ambapo mtu hulima shamba lake ili watoto wale, ndio wakati bwana alipowataka walime lake. Msimamizi wa shamba aliitwa William Jervis Livingstone. Wafuasi wa Chilembwe walipojenga makanisa madogo katika ardhi ya shamba, msimamizi huyo aliyachoma moto.

Hapa msomaji atue kidogo. Kabla baruti haijalifikia kanisa kubwa la matofali, moto ulikwisha yala makanisa madogo ya nyasi. Waliochomewa waliyajenga kwa mikono yao, ila ardhi haikuwa yao. Kanisa la Mbombwe lilisimama kwa sababu ardhi yake ilinunuliwa. Tutalirudia jambo hili.

Mwaka 1913 njaa iliingia. Mwaka 1914 vita vikaanza baina ya Waingereza na Wajerumani, na mwezi Septemba Waafrika wengi waliuawa katika mapigano ya Karonga, karibu na mpaka wa nchi yetu. Chilembwe aliandika barua gazetini akiuliza kwa nini Waafrika wafe katika vita visivyo vyao, ilhali wakati wa amani hakuna awajaliye. Gazeti lile lilizuiwa.

Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 watu wake waliishambulia Magomero. Livingstone aliuawa pamoja na Wazungu wengine wawili. Wanawake na watoto hawakudhuriwa. Kesho yake, Jumapili, Chilembwe aliongoza ibada katika kanisa lake, na kichwa cha Livingstone kilikuwa humo juu ya mti. Hatutalificha jambo hilo, maana historia inayofichwa haifundishi. Dhuluma hufika mahali ikawapotosha hata watu wapole, na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya sala ikashuhudia jambo la kutisha.

Uasi haukuenea. Baada ya siku chache majeshi ya serikali yaliikalia Mbombwe. Kanisa lilitegwa baruti, likavunjwa mpaka chini. Tarehe 3 Februari 1915 Chilembwe mwenyewe alipigwa risasi akafa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Wafuasi wake wengi walinyongwa au kupigwa risasi, na mamia walifungwa.

Serikali ingeweza kulifunga kanisa kwa kufuli, au kuligeuza ghala. Kwa nini baruti? Kwa sababu jengo lile lilikuwa ushahidi. Lilishuhudia kwamba watu wasio na cheo, wakikubaliana, huweza kusimamisha kitu kikubwa bila msimamizi. Ushahidi huo ndio uliotakiwa kufutwa.

ALIYERUDI

Miaka 11 Mbombwe ilikuwa kimya. Lakini miongoni mwa watoto waliofundishwa na mwalimu Emma DeLany alikuwako mmoja, Daniel Malekebu, ambaye alimfuata mwalimu wake mpaka Marekani. Huko alisoma udaktari katika chuo cha Meharry, akamaliza mwaka 1917. Alipotaka kurudi kwao, serikali ilimkatalia mara ya kwanza. Hakukata tamaa. Mwaka 1926 aliruhusiwa, akafika Mbombwe pamoja na mkewe Flora, na misheni ikafunguliwa tena.

Alikuta nini? Magofu na majani. Lakini alikuta pia watu. Walikuwako waliotoka gerezani, wajane wa walionyongwa, na wazee waliokumbuka matofali ya kwanza yalikofyatuliwa. Hao ndio waliokuwa ushirika. Miaka yote ile hawakuwa na mahali pa kukutania, lakini walijua kwamba wao ni wamoja na kwamba ardhi ile ni yao. Malekebu hakuanza jambo jipya. Aliita watu, wakaitika. Kanisa jipya lilikamilika mwaka 1933, likaitwa Yerusalemu Mpya. Malekebu alikwenda kwa hadhari na serikali, na wapo waliomlaumu kwa hilo. Lakini kanisa lilisimama, pamoja na shule na matibabu, na yeye aliishi hata akaiona Malawi huru. Leo kila tarehe 15 Januari taifa la Malawi humkumbuka Chilembwe, na sura yake imechapishwa katika noti za fedha zao.

TURUDI NGARA

Msomaji wa Ngara atasema: sisi hatukupigwa baruti. Ni kweli. Lakini nchi hii imeuona ushuhuda wake yenyewe. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, wakatua Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni iliyojenga barabara. Kwa siku chache kilizuka kituo cha watu wengi kuliko miji yetu mingi. Humo walikuwamo wauaji na wasio na hatia pamoja, na hilo lilikuwa tatizo zito. Lakini walikuwamo pia watu wa sala waliokusanyika chini ya miti na chini ya maturubai bila altare wala kengele. Mwezi Desemba 1996 karibu watu nusu milioni walirejeshwa Rwanda kutoka Ngara na Karagwe, na maturubai yakaondoka pamoja nao. Nyumba zile za sala hazikuacha hata msingi, lakini waliosali ndani yake walizibeba sala zao mpaka kwao.

Na Ngara imeona jambo lingine. Christopher Mwoleka, aliyekuwa Askofu Mkatoliki wa Rulenge tangu mwaka 1969 hata 1996, alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaishi na kufanya kazi na wanakijiji. Hakuwa Mbaptisti, na madhehebu yake yana uongozi wa namna nyingine kabisa. Lakini alilifahamu jambo lilelile: kanisa si nyumba ambayo watu huiendea, bali ni watu ambao huihitaji nyumba.

Waliosoma Biblia watamkumbuka Nehemia. Aliporudi Yerusalemu na kukuta kuta zimebomoka, hakuleta kampuni ya ujenzi. Kila jamaa ilijenga sehemu iliyoelekea mlango wake. Wafua dhahabu walijenga, wauza manukato walijenga, na mmoja alijenga pamoja na binti zake. Mwenye kujenga mbele ya mlango wake hawezi kutia udongo mbovu, kwa kuwa ukuta ukianguka utamwangukia yeye.

NENO KWA WAJENZI

Basi, ndugu wajenzi wa Ngara na Biharamulo, mliofika msingi na mliofika lenta, twaomba ruhusa ya kusema maneno manne.

La kwanza ni ardhi. Makanisa ya Magomero yalichomwa kwa sababu yalikuwa katika ardhi ya mwingine. Kabla ya kuchimba msingi, pateni maandishi ya kiwanja, na maandishi hayo yawe kwa jina la ushirika, yasiwe kwa jina la mtu mmoja, hata awe mchungaji mwema namna gani. Mtu hufa, na watoto wake hurithi.

La pili ni hazina. Ushirika unaojitawala hauna mkaguzi kutoka juu, basi hauna budi ujikague wenyewe. Kila shilingi iandikwe, na kitabu kisomwe mbele ya mkutano. Kuta nyingi zilizokwama kwenye madirisha hazikukwamishwa na mvua. Zilikwamishwa na fedha ambazo hakuna ajuaye zilikokwenda.

La tatu ni msaada. Chilembwe hakuukataa msaada wa Marekani, wala Malekebu. Lakini Cheek na DeLany walipoondoka, kazi haikusimama, na kanisa kubwa lilijengwa baada ya wao kwenda. Ndio mtihani wa msaada wote: mtoaji akiondoka kesho, je, keshokutwa mtafika kazini? Mgeni akileta mabati, apokewe kwa shukrani, lakini akute kuta zimekwisha simama. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nasi twaongeza: mwenyeji awe tayari analo lake mkononi.

La nne ni kumbukumbu. Andikeni katika daftari majina ya waliochimba, waliofyatua na waliobeba. Waandikeni hasa akina mama walioteka maji mtoni kwa ajili ya udongo wa matofali, kwa maana wao ndio husahauliwa siku ya kukata utepe. Mabati yatapata kutu na kuta zitapata nyufa, kama ilivyo desturi ya kila kilichojengwa. Siku hiyo wajukuu wakilifungua daftari na kuona jina la bibi yao, hawatauliza ni nani atakayewajengea.